Siku Tatu Mkekani: Tathmini ya Mafunzo ya Uongozi wa Wanawake wa Pasifiki, Auckland

Mafunzo ninayoyatathmini hapa ni ya siku tatu. Hufanyika katika ukumbi wa kanisa kusini mwa Auckland, New Zealand, na yameandaliwa kwa ajili ya wanawake walioajiriwa serikalini, kwenye halmashauri na katika hospitali za umma. Wakufunzi ni watatu, Wasamoa wawili na Mtonga mmoja, wanawake waliofanya kazi katika ofisi za umma kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Pemba, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika huduma za afya za umma hapa Auckland. Mwajiri wangu alinilipia ada kwa sababu sehemu kubwa ya wagonjwa tunaowahudumia wana asili ya visiwa vya Pasifiki. Sitawataja waandaaji kwa jina. Tulikuwa washiriki kumi na wanane tu, tulikubaliana kwamba ya ukumbini yabaki ukumbini, na kumtaja mwandaaji kungekuwa ni kuwaanika wenzangu.

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa nimehudhuria mafunzo mengi ambamo utamaduni huingizwa kama pambo: shada la maua shingoni, wimbo mmoja wa kufungulia, kisha yanayofuata ni yale yale ya malengo na viashiria ambayo yangeweza kufundishwa popote. Hapa hali ilikuwa tofauti tangu saa ya kwanza. Kila tunu iliyotajwa ilipewa kazi ya kufanya ofisini, na ile isiyoweza kupewa kazi haikutajwa kabisa. Hilo ndilo linalonifanya niyapendekeze mafunzo haya, na ndicho kipimo nitakachokitumia pia kuyakosoa.

Asubuhi nzima ya siku ya kwanza, kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita, ilikwenda katika kujitambulisha. Sala ya ufunguzi ilitolewa kwa Kimaori, kwa kuwa Wamaori ndio wenyeji wa ardhi hiyo, kisha kila mmoja wetu akasimama na kutaja wazazi wake, kijiji chao na kisiwa chao, akataja aliyemlea, na mwishoni kabisa akataja kazi anayoifanya. Vyeo havikuruhusiwa kutangulia. Nakiri kwamba kufikia saa nne na nusu nilikuwa nimeanza kuhesabu muda. Lakini kufikia adhuhuri nilijua ni akina nani wawili waliotoka kijiji kimoja bila kujuana, nani bibi yake alikuwa mkunga, na nani alikuwa amefiwa na mama mwaka huo huo. Na siku ya pili, mazungumzo yalipofika penye maumivu, hapakuwa na mgeni hata mmoja ukumbini. Watu wa Pasifiki huita mazungumzo ya namna hii talanoa, neno ambalo Fiji ililifikisha hadi kwenye mkutano wa tabianchi wa COP23 uliofanyika Bonn mwaka 2017. Wakufunzi walisisitiza kwamba talanoa ina utaratibu wake: uhusiano hutangulia na jambo hufuata. Sisi wa Pwani tunalijua hilo vizuri, maana hakuna anayefika barazani akaanza na shida yake kabla ya kuuliza hali za nyumbani. Kinachotushinda ni kuvuka na desturi hiyo mlango wa ofisi.

Msingi wa mafunzo yote ni methali ya Kisamoa isemayo o le ala i le pule o le tautua, yaani njia ya kuyaendea mamlaka ni utumishi. Katika mila za Samoa kila ukoo una matai, mkuu wa ukoo anayechaguliwa na jamaa zake na kuvikwa jina la heshima la ukoo, na anayetazamwa kwanza wakati wa kuchagua ni yule aliyewatumikia kwa miaka: aliyebeba chakula, aliyeuguza wazee, aliyegharimia misiba. Wakufunzi waliichukua methali hiyo na kuigeuza swali la kazi, wakamtaka kila mshiriki aandike majina ya watu aliowahudumia mwaka uliopita ambao wangekuwa tayari kusimama na kumsemea leo. Kalamu nyingi zilikwama. Yangu ilikwama. Kiswahili kimeliweka wazo hilo hilo ndani ya jina la kazi yetu, mtumishi wa umma, na sikumbuki mara ya mwisho nilipolisikia neno mtumishi kwa maana yake kamili hadi siku hiyo, nilipokuwa na karatasi tupu magotini.

Mfano uliochukua muda mrefu zaidi ni wa Fiamē Naomi Mataʻafa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Samoa, na ulistahili. Alizaliwa mwaka 1957, binti wa waziri mkuu wa kwanza wa Samoa, na mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, aliacha masomo yake Wellington akarudi nyumbani kushughulikia mashauri ya mahakamani kuhusu majina ya heshima ya ukoo, kisha akavikwa jina la Fiamē. Aliingia bungeni mwaka 1985, akawa mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Samoa, na akaishika wizara ya elimu kuanzia 1991 hadi 2006. Mwaka 2020, akiwa naibu waziri mkuu, alijiuzulu kwa kupinga miswada iliyobadilisha Mahakama ya Ardhi na Majina ya Heshima. Uchaguzi wa Aprili 2021 ulikiondoa chama kilichokuwa madarakani kwa takriban miaka arobaini, lakini Mei 24, siku ya kuapishwa, alifika bungeni akakuta milango imefungwa. Yeye na wenzake wakaimba tenzi, wakangoja, na jioni wakala kiapo chini ya hema kwenye uwanja wa bunge. Mahakama ya Rufani ilikitambua kiapo hicho Julai 23.

Mkufunzi aliyesimulia kisa hiki hakukifanya hadithi ya shujaa. Alituuliza ni kitu gani kilichomwezesha kiongozi asubiri miezi miwili nje ya ofisi yake bila kuwaita wafuasi wake barabarani, na mjadala uliofuata ulinifunza kuliko sura nyingi za vitabu vya uongozi. Jibu lililokubaliwa na wengi lilikuwa kwamba mwenye jina la ukoo halibebi peke yake. Heshima yake imewekwa rehani kwa watu wote wa kijiji chake, walio hai na waliotangulia, hivyo hasira yake si mali yake binafsi. Nilichokikosa ni mwisho wa kisa. Mwaka 2025 Fiamē alifarakana na chama chake, bajeti yake ikakataliwa bungeni, na katika uchaguzi wa Agosti chama chake kipya kikapata viti 3 tu, ingawa yeye mwenyewe alikihifadhi kiti cha jimbo lake. Mafunzo yanayohusu uongozi kwa njia ya tunu yanapaswa kuwaonyesha wanafunzi pia namna kiongozi mwenye tunu hizo anavyoshindwa, kwa sababu wengi wetu tutakutana na kushindwa kabla ya kukutana na ushindi.

Sasa nifike kwenye mkeka, maana ndio kitu nilichokitazama kwa karibu zaidi katika siku zote tatu. Mkufunzi mmoja Msamoa alifungua bahasha kubwa ya kitambaa akatoa ʻie toga, mkeka mwembamba uliosukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mkadi wetu, akauzungusha mikononi mwetu. Bibi yangu alisuka ukili wa ukindu maisha yake yote, basi vidole vyangu vilianza kutafuta mshono bila mimi kuviambia. Hakuna mshono. Mkeka wetu hushonwa kutokana na pande za ukili, lakini huu umesukwa mzima kwa nyuzi za upana usiozidi ule wa kijiti cha kiberiti, ukawa laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, na ukingoni una manyoya mekundu. Kuusuka huchukua miezi, na ule ulio bora kabisa huchukua miaka. Haukaliwi. Hutolewa kwenye harusi, mazishi na kuvikwa jina la heshima, na thamani yake hukua kadiri unavyopita katika mikono ya watu wanaoheshimiwa.

Kisha akatueleza kazi nyingine ya mkeka huo. Mkosaji anayekwenda kuomba radhi kwa desturi ya ifoga hukaa mbele ya nyumba ya aliyemkosea akiwa amefunikwa mkeka wa namna hiyo, na husubiri hadi wenye nyumba waamue kuuondoa. Agosti 1, 2021, katika ukumbi wa mji wa Auckland, Waziri Mkuu wa New Zealand wakati huo, Jacinda Ardern, alifunikwa mkeka wakati serikali ilipoomba radhi kwa misako ya alfajiri ya miaka ya 1970, ambapo polisi waliingia majumbani mwa watu wa Pasifiki kusaka waliopitisha muda wa viza, huku wageni wengine waliopitisha muda wao wakiachwa. Wakufunzi wawili walikuwa wamehudhuria. Walichotaka tukione ni kwamba chombo kile kilichomfunika waziri mkuu kilisukwa na wanawake, na kwamba bila kazi ya mikono yao serikali isingekuwa na kitu cha kuombea radhi ambacho walioumizwa wangekitambua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walikataa kuita jambo hili pambo.

Sehemu ya historia haikuishia hapo, na nashukuru. Desemba 28, 1929, polisi wa utawala wa New Zealand nchini Samoa waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Mau, vuguvugu lililodai Samoa ijitawale, mjini Apia, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo kiongozi wake, Tupua Tamasese Lealofi III. Wanaume walipokimbilia misituni, wanawake waliunda Mau yao wakaendeleza maandamano na mikutano. Miaka hiyo hiyo kamati za wanawake vijijini zilikuwa zikishika afya ya umma: kukagua usafi wa nyumba na vyanzo vya maji, kupima watoto, kuwapokea wauguzi waliotembelea vijiji. Nguvu yao ilitokana na nafasi waliyokuwa nayo tayari kimila, mabinti wa kijiji na wake za matai, kila kundi na hadhi yake, na mwenye nyumba chafu hakuweza kuwapuuza bila kuitia aibu familia yake. Mimi ninayefanya kazi ya chanjo na kisukari niliandika kurasa nne kuhusu kamati hizo. Ningependa zipewe nusu siku nzima.

Siku ya pili ilikuwa ya vā, nafasi iliyopo baina ya mtu na mtu, ambayo kwa watu wa Samoa na Tonga ndiyo inayowaunganisha. Wasamoa husema teu le vā, Watonga husema tauhi vā, na yote mawili ni amri ya kuitunza nafasi hiyo. Ni katika Tonga ambako tunu hii inahesabiwa miongoni mwa nguzo nne za maisha ya Kitonga zinazohusishwa na Malkia Sālote Tupou III, aliyetawala kuanzia 1918 hadi 1965, pamoja na heshima, unyenyekevu na kujitolea kwa dhati. Zoezi letu lilikuwa barua. Tulipewa barua ya kumkatalia mama mmoja ombi la nyumba kubwa ya serikali, iliyoanza na namba ya kifungu cha kanuni, tukatakiwa kuiandika upya bila kubadilisha uamuzi. Kundi letu lilipamba. Tulianza na salamu, tukamshukuru, tukamwonea huruma, na neno la kukataa tukalizika katika aya ya nne. Mkufunzi Mtonga aliirudisha. Alieleza kwamba kumficha mtu jibu lake chini ya maneno matamu ni kumfanyia dharau, kwani atalisoma mara mbili, ataondoka na matumaini, na ataaibika atakaporudi. Barua iliyokubaliwa mwishoni ilimtaja mama kwa jina, ikatambua kwamba alikuja na mama yake mzee kwa mabasi mawili, ikasema hapana katika sentensi ya tatu, kisha ikaeleza mlango gani ungali wazi na nani atakayempigia simu.

Nilirudi na zoezi hilo kazini. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimaliza maelezo ya dawa kwa kumwuliza mgonjwa kama ameelewa, na wazee wa Kitonga na Kisamoa walijibu ndiyo kila mara, kwa sababu kumjibu hapana mtu anayekuhudumia ni kumvunjia heshima. Siku hizi tunauliza nyumbani ni nani anayepanga chakula na dawa, na tunaomba kuzungumza na mtu huyo pia. Mara nyingi ni binti, wakati mwingine ni shangazi. Miadi imekuwa mirefu zaidi, na maswali yameanza kuulizwa.

Shangazi ndiye anayenifikisha kwenye kasoro kubwa ya mafunzo. Katika Tonga dada humzidi kaka kwa hadhi, na shangazi upande wa baba, mehekitanga, anaheshimiwa na watoto wa kaka yake kuliko baba yao. Anayeshika nafasi ya fahu, nafasi ya heshima ya upande wa dada, kwenye harusi au msiba hukaa mbele na hupokea mikeka na vitambaa vilivyo bora. Samoa nayo ina feagaiga, agano la heshima baina ya kaka na dada. Haya yalifundishwa kwa fahari inayostahili. Lakini katika Tonga hiyo hiyo mashamba ya kurithi huenda kwa wanaume, katika Samoa vipo vijiji visivyomtambua mwanamke mwenye jina la matai, na ilibidi katiba ya Samoa irekebishwe mwaka 2013 ili wanawake wasipungue asilimia 10 bungeni. Papua New Guinea, nchi iliyomtoa Meg Taylor, mwanamke wa kwanza kuwa katibu mkuu wa Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki, ilikuwa na bunge lisilo na mwanamke hata mmoja baada ya uchaguzi wa 2017. Mshiriki mmoja aliuliza moja kwa moja: ikiwa tunu hizi zinamweka dada juu, kwa nini dada hayupo bungeni? Swali hilo lilipewa dakika ishirini za mwisho za siku ya tatu, watu wakiwa tayari wanakusanya vyombo. Lilistahili kuwekwa siku ya kwanza, na wakufunzi wenye uzoefu kama wao wanalo jibu. Niliona nyusoni mwao kwamba wanalo.

Kasoro ya pili inahusu fedha. Neno tautua, yaani utumishi, likitumiwa vibaya, humgeuza mwanamke wa Pasifiki kuwa mkalimani, mwimbishaji, mpokea wageni na msuluhishi wa ofisi nzima, juu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya na bila senti ya ziada. Karibu kila Msamoa na Mtonga ukumbini alikuwa na kisa cha namna hiyo. Tume ya Haki za Binadamu ya New Zealand, katika uchunguzi wake wa pengo la mishahara wa mwaka 2022, ilionyesha kwamba kwa kila dola anayolipwa mwanamume mwenye asili ya Ulaya, mwanamke wa Pasifiki hulipwa senti 75. Takwimu hiyo ilitajwa kwa haraka, tukasonga mbele. Mila yenyewe hairuhusu utumishi usiorudishiwa, kwa kuwa anayetumikia huandaliwa kupewa jina, na familia inayopokea mkeka hutoa mkeka. Mafunzo yangepaswa kuwapa washiriki maneno ya kuyasema hayo mbele ya msimamizi wao.

Visiwa vya kaskazini na magharibi vilipita mbio. Hilda Heine wa Visiwa vya Marshall, mwalimu aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 2016 na kurudi madarakani Januari 2024, katika nchi ambako ardhi hurithiwa upande wa mama, alipata robo saa. Kwa upande wa New Zealand yenyewe walitajwa vizuri Luamanuvao Winnie Laban, mwanamke wa kwanza wa Pasifiki kuingia bungeni mwaka 1999, na Carmel Sepuloni, aliyekuwa naibu waziri mkuu mwaka 2023.

Kuhusu ukumbi na huduma sina malalamiko makubwa. Chakula kilikuwa kingi na kilinirudisha nyumbani: majimbi, shelisheli, samaki wa nazi, na palusami, majani machanga ya majimbi yaliyopikwa katika tui zito. Siku ya kwanza nyama ya nguruwe iliwekwa meza moja na vyakula vingine bila alama. Nilipoeleza kwamba mimi ni Mwislamu waliomba radhi, na kuanzia siku ya pili ikawekwa kando na miiko yake ya kupakulia. Sala za ufunguzi na za kufunga ni za Kikristo, lakini nilipewa chumba kidogo cha kuswalia, na mkufunzi mmoja alinitandikia mkeka humo kabla sijaomba. Vaa nguo inayokuruhusu kukaa chini kwa saa nyingi. Ukipita mbele ya watu inama kidogo na useme tulou, kama sisi tunavyoomba samahani kwa kumpa mtu mgongo.

Ninayapa alama 4 kati ya 5. Yanawafaa zaidi wanaokutana na wananchi ana kwa ana, wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii, walimu na maofisa wa makazi, na hayawafai wanaotafuta cheti cha kuweka kwenye maombi ya kazi, kwani hakuna cheti kinachotolewa. Nimemwandikia mwajiri wangu kuomba nafasi mbili katika awamu ijayo, moja ikiwa ya muuguzi mwenzangu Msamoa ambaye kwa miaka sita amekuwa akitutafsiria bila malipo, kwa sharti kwamba siku hizo tatu zihesabiwe kuwa za kazi na saa zake za ukalimani zianze kuandikwa.